Maswali ya Wasomaji: Tumbo Linalouma Kila Jumatatu

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tukuyu. Mwanangu wa pili ana miaka 12 na anasoma darasa la saba katika shule ya kutwa. Tangu mwezi wa pili amekuwa akiamka kila Jumatatu akilalamikia tumbo. Nimempeleka zahanati, akapimwa malaria na choo, lakini hakikuonekana kitu. Ajabu ni kwamba nikimruhusu abaki nyumbani, ikifika saa nne tumbo limepona. Baba yake anasema huo ni uvivu na dawa yake ni fimbo. Zamani alikuwa mtoto mcheshi; siku hizi nikifungua daftari lake nakuta kurasa zimetoboka, kwa kuwa anafuta majibu kwa kidole chenye mate mpaka karatasi inachanika. Nifanye nini?
Mama, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hilo analoliita baba watoto uvivu. Maumivu ya mwanao ni ya kweli. Mtu anapoogopa, mwili hujiandaa kukimbia au kupambana: moyo huenda mbio, damu hupungua tumboni ikaelekea kwenye misuli, na utumbo husokota. Si bure kwamba Waswahili husema mtu mwenye hofu yuko tumbo joto. Mwanao akishajua kwamba leo haendi shule, hofu hushuka na tumbo nalo hutulia, kwa hiyo kule kupona saa nne hakuthibitishi kwamba anadanganya, bali kunatuonyesha hofu yenyewe inakaa wapi.

Jambo la kutafuta sasa ni kile kinachotokea Jumatatu. Zipo shule ambazo darasa la saba hufanya majaribio mwishoni mwa wiki, kisha Jumatatu matokeo yakasomwa mstarini mbele ya shule nzima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na walio chini ya wastani wakabakizwa mbele kusubiri viboko. Zile kurasa zilizotoboka zinanifanya nielekee huko, maana mtoto anayefuta jibu mpaka karatasi ichanike anaogopa kukosea kuliko anavyoogopa kutojua. Hata hivyo, inawezekana kuna mwenzake anayemnyanyasa njiani, au jambo zito zaidi kati yake na mtu mzima fulani, kwa hiyo usimtangulizie jibu.

Usimkalishe mbele yako na baba yake na kumwuliza kwa nini hataki shule. Mtoto aliyelelewa kwa heshima ya kwetu atainamisha kichwa na kusema "hakuna kitu". Mwite mmenye ndizi pamoja jioni, macho yenu yote yakiwa kwenye kazi, kisha mwulize, "Jumatatu mkiwa mstarini huwa mnafanya nini?" Baada ya hapo nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu kuliko ulivyozoea. Akianza kusema, usimkatize kwa mawaidha wala usiape kwamba kesho utakwenda kumkomesha mwalimu, kwa sababu akiona maneno yake yamewasha moto hatakueleza tena.

Ukishajua, nenda shuleni siku isiyo ya Jumatatu, uonane na mwalimu wa malezi au mwalimu wa darasa, ukiwa umeandika tarehe za siku alizougua. Tarehe hizo zina uzito kuliko lawama. Kama chanzo ni viboko kwa sababu ya alama, una haki ya kukumbusha kwa adabu kwamba Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zimeweka mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe kwenye kitabu. Kupata alama 18 kati ya 50 si kosa la nidhamu. Mimi binafsi naamini kwamba fimbo haijawahi kumfundisha mtoto sehemu wala desimali, na ningefurahi siku ikiondoka kabisa shuleni, lakini hata kwa kanuni zilizopo jambo hilo halikubaliki.

Omba pia kitu kimoja kidogo: awepo mwalimu mmoja, ikiwezekana yule ambaye mwanao mwenyewe atamtaja, wa kumpokea kila Jumatatu anapofika na kubadilishana naye maneno mawili matatu kabla ya mstari. Nalisisitiza hili kwa sababu shule inaweza kuwa na sanduku la maoni na mabango ukutani, na bado mtoto akakosa mtu mzima hata mmoja anayejua kwamba leo ameamka vibaya. Wakati huohuo usiendelee kumbakiza nyumbani, kwa kuwa kila Jumatatu anayobaki inaufundisha mwili wake kwamba kukimbia ndiyo dawa pekee, na Jumatatu inayofuata inakuwa nzito zaidi.

Mwambie baba watoto kwamba, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, takribani nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, kwa hiyo huu ndio wakati wa kusikiliza. Hali ikiendelea, au akiacha kula na kulala, rudi kwa daktari na uombe rufaa ya afya ya akili kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akitamka kwamba anatamani kufa, usisubiri kesho na usimwache peke yake.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi Makambako, nimepewa kazi hii bila mafunzo maalumu. Mvulana wa darasa la tano alifiwa na mama yake wakati wa likizo, sasa analelewa na bibi. Walimu wenzangu wanashauri tusimtaje mama ili asahau. Mchana anacheza mpira vizuri, lakini jioni wakati wa usafi analia. Je, anaigiza?
Mwalimu, Makambako

JIBU: Haigizi, mwalimu. Mtoto huomboleza kwa vipindi. Anaweza kufunga goli saa nane na kulia saa tisa, na yote mawili yakawa ya kweli. Tena angalia saa yenyewe: baada ya usafi ni kurudi nyumbani, na nyumbani mama hayupo.

Mtajie mama. Mwambie, "Pole, najua mama amefariki," kwa neno hilohilo, si "amesafiri" wala "amelala", maana aliyesafiri husubiriwa. Mweleze tangu mwanzo kwamba atakayokuambia utayatunza, isipokuwa ukisikia kwamba yuko hatarini, hapo itakubidi utafute msaada. Ukisikia hivyo, mwone afisa ustawi wa jamii au piga simu ya watoto namba 116, ambayo ni ya bure. Zungumza na bibi pia, kwani naye amefiwa na mtoto.

Na jioni mpangie usafi wa ofisini kwako. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, fagieni pamoja.