Kumuenzi mkongwe wa besiboli: daftari kwanza, ngao baadaye

Klabu ya mtaani ikitaka kumuenzi mchezaji au kocha wake wa siku nyingi, mbio za kwanza huwa ni kwa fundi wa ngao. Fundi hamalizi hata wiki. Kazi ngumu ni kujua ngao iandikwe nini, na hilo limo kwenye madaftari ya matokeo, ambayo mara nyingi yamelowa ndani ya begi la magongo au yamebaki kwa karani aliyehama mkoa.

Afrika Mashariki bado tuna nafasi. Besiboli ya Tanzania ya sasa ilichipukia Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Kwa Waganda, watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto. Waanzilishi wengi bado ni vijana, ukiwapigia simu watapokea. Wafuateni sasa, kabla makaratasi hayajaliwa na mchwa.

Pigeni picha kila ukurasa, kivulini, bila flashi, kisha ndipo muanze kuhesabu. Hapa ndipo takwimu hupikwa bila mtu kukusudia. Mpigaji aliyefika beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, huenda amepiga safi, huenda amepewa beisi baada ya mipira minne mibovu, huenda mlinzi amekosea. Mkiona E6, hilo ni kosa la mlinzi nambari 6, yule anayesimama kati ya beisi ya pili na ya tatu. Mpigaji hapati pigo hapo, ila zamu yake ya kupiga inahesabiwa. Aliyepewa beisi kwa mipira minne, zamu hiyo haiingii kabisa kwenye wastani wake, yaani mapigo yakigawanywa kwa zamu za kupiga. Ukimhesabia pigo kila aliyefika beisi, mkongwe atatoka na wastani wa .500, yaani pigo moja kila zamu mbili, na wenzake waliocheza naye watatazamana tu. Kama daftari la msimu mzima halipo, andikeni miaka aliyocheza na nafasi yake uwanjani, basi. Wastani wa kukisia ni kumdhalilisha.

Kuhusu nani anastahili, wekeni kanuni kabla jina lolote halijatajwa. Ukumbi wa Heshima wa besiboli ulioko Cooperstown, Marekani, unamtaka mchezaji awe amecheza misimu 10, awe amestaafu kwa miaka 5, na apate asilimia 75 ya kura za waandishi wa habari za besiboli. Klabu ya mtaani inaweza kupunguza misimu iwe 5 na kusubiri iwe mwaka mmoja, lakini ile asilimia 75 msiiguse. Nusu ya kura huipata mtu yeyote mwenye marafiki kwenye kamati.

Kocha msimpime kwa ushindi. Kocha wa shule hupoteza nusu ya timu kila wahitimu wanapoondoka, kwa hiyo rekodi yake ya mechi inaeleza ratiba ya mitihani kuliko uwezo wake. Tafuteni wangapi aliowafundisha bado wanacheza, wangapi wamekuwa waamuzi, nani alikuwa anafika alfajiri kupiga chokaa mistari na kusawazisha tuta la mrushaji. Na karani wa matokeo je? Huyo husahaulika kila mara, ilhali bila yeye hamna hata hiyo rekodi mnayoisoma.

Suala la kustaafisha nambari ya jezi linahitaji tahadhari. Kwenye besiboli ya Marekani desturi hiyo ilianza na Lou Gehrig wa timu ya New York Yankees na nambari yake 4 mwaka 1939, na leo Yankees hawana hata nambari moja ya kuvaa kati ya 1 na 9, zote zimestaafishwa. Wao wana pesa ya jezi nyingine. Klabu yenye jezi 20, ukiondoa tatu, watoto watatu wanacheza na fulana. Bora mkongwe amkabidhi chipukizi nambari yake mbele ya watu, na ndani ya shingo ya jezi ishonwe lebo ndogo yenye jina lake na miaka yake. Kila atakayeivaa baadaye anaongezwa chini yake.

Mkimpa mpira, uwe ule wa mechi, wenye vumbi lake. Wachezaji wasaini kwa kalamu ya kawaida ya wino, siyo maka peni: wino wa maka hutambaa kwenye ngozi na baada ya muda majina husomeka kama madoa. Msiupake vanishi, inageuka njano. Jezi ya kuweka kwenye fremu ifuliwe kwanza, maana jasho ndilo linaloacha madoa, kisha ishikizwe kwa uzi, gundi isitumike. Kioo kisiguse kitambaa, acheni nafasi kama sentimita mbili. Kwa joto la Tanga au Mombasa, kitambaa kilichobanwa na kioo huota ukungu. Na kabla ya kuchonga ngao, mwenyewe aandike jina lake kwa mkono wake, mumpelekee fundi karatasi hiyo hiyo. Juma na Jumaa si mtu mmoja.

Siku yenyewe, adui ni hotuba. Mrushaji anayeanza mechi hupasha mkono moto kwa dakika 20 hivi kabla ya kuingia. Mgeni rasmi akishika kipaza sauti baada ya hapo, mkono unapoa, na awamu ya kwanza inakuwa ya kugawa beisi za bure. Sherehe ianze saa 8:30 mchana na iishe saa 8:45, warushaji waanze kupasha mkono, mechi saa 9:15. Makocha wa timu zote mbili wapewe ratiba hiyo kwa maandishi siku moja kabla. Wazungumzaji wawili wanatosha, mmoja awe mtu aliyecheza naye.

Akirusha mpira wa ufunguzi, msimpandishe kwenye tuta. Kutoka pale hadi beisi ya nyumbani ni mita 18.44, na bega la mzee ambalo halijarusha kwa miaka linaweza kuchanika. Asimame mita 9 au 10, kwenye ardhi tambarare, awe ametangulia kurusha polepole mipira 10 hivi pembeni. Mdakaji avae kinga zote, uso pia, na kusiwe na mpigaji kwenye boksi hata kama wapiga picha wanaomba.