Ukikagua draiva ya wochidogi, uliza kwanza nani anailisha

Kijana mmoja wa Malindi ameniandikia wiki hii. Kuna kampuni imempa akague draiva ya Linux ya wochidogi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa hicho, iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi yao wenyewe. Ananiambia, "Kaka, msimbo ni msafi, sioni kosa, lakini naona haya kurudisha jibu la mstari mmoja." Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu, kisha nikaona niyaandike hapa. Najua wengi mnaonisoma mnatamani jambo hilo hilo: kukaa nyumbani kwenu pwani na kukagua msimbo unaoendesha mashine za watu walio mbali.

Kwa asiyeijua, wochidogi ni saa iliyo ndani ya maunzi, inahesabu kurudi nyuma. Programu inatakiwa kuilisha, yaani kuipelekea ishara kwamba bado iko hai ili ianze kuhesabu upya, kabla haijafika sifuri. Isipolishwa, inaiwasha bodi upya bila kumuuliza mtu. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuhubiriwa faida yake. Bodi ikiganda Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kwenda kubonyeza kitufe ni safari ya boti, na maji yakipwa mlango wa Mkanda haupitiki; uzunguke nje ya Manda au ukae usubiri maji yajae. Kusi likishika, hata huko nje nahodha mwenye akili hakupeleki.

Sasa kisa changu. Niliwahi kuajiriwa na kampuni, sitaitaja, kukagua draiva ya namna hiyo hiyo. Bodi yao ilikuwa na chipu ndogo pembeni inayofanya kazi ya wochidogi, na chipu hiyo ilikuwa na mambo ambayo wochidogi za kawaida hazina. Ilitoa intarapti ya onyo, yaani ishara ya kuikatiza kazi inayoendelea, kabla ya kuzima. Tena bodi ikiwashwa upya mara tatu mfululizo, chipu iliachana na programu ya mfumo iliyo kwenye hifadhi ya kwanza na kuiwasha nakala ya akiba. Wazo zuri sana, na aliyeandika draiva alikuwa hodari, hilo nalisema bila kinyongo. Nafasi zimepangwa, majina yanaeleweka, maelezo yapo.

Lakini hesabu ya chipu ilikuwa fupi, sekunde chache tu, na programu yao ya juu, ile inayofanya kazi yenyewe juu ya mfumo, wakati mwingine ilichelewa kuliko hapo. Jamaa akaweka taima ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, inailisha chipu yenyewe, tangu draiva inapopakiwa mpaka bodi inazimwa. Nikaandika: programu ya juu ikifa, taima hii itaendelea kulisha, kwa hiyo mnalinda kitu gani? Huyo ni mlinzi wa usiku anayejijazia daftari la mahudhurio asubuhi. Nikajibiwa kwamba hicho ni kipengele kilichokusudiwa. Nikaandika tena. Kwenye kikao cha simu, mbele ya watu wote, mkubwa wao akasema watu wa Lamu tunakwenda kwa mwendo wa punda, wenzetu wana tarehe ya kukabidhi kazi. Wakacheka. Raundi iliyofuata sikuletewa kitu.

Nikiri hapa kwamba kicheko kile bado kinanikera. Ukaguzi ni kazi ya upweke. Aliyeandika anapongezwa kwa kilichofanya kazi, wewe unakumbukwa kama mtu aliyechelewesha.

Bodi zilikwenda kufungwa visiwani kupima maji kwenye matangi. Baadaye hifadhi ya moja ikajaa, programu ya juu ikaganda ikisubiri kuandika, kerneli ikabaki hai, taima ikaendelea kulisha, taa ya kijani ikipepesa kama kawaida. Kwa wochidogi mambo yote yalikuwa shwari. Takwimu hazikuja, na hakuna aliyejua mpaka watu wakaanza kulalamika matangi makavu. Wakanipigia. Ningependa kusema kwamba sikuwakumbusha niliyowaambia. Niliwakumbusha, tena niliwatumia barua pepe yangu ya zamani pamoja na tarehe yake.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu, ndiyo maana iliniuma zaidi. Linux ina msingi wa pamoja wa wochidogi, na msingi huo unajua tatizo la chipu zenye hesabu fupi. Draiva inataja ukomo wa chipu katika `max_hw_heartbeat_ms`, nao msingi unailisha chipu kwa niaba ya programu ya juu, lakini kwa sharti: programu isipoonekana ndani ya muda iliouomba, msingi nao unaacha kulisha na bodi inawaka upya. Hapo ndipo tofauti na taima ya yule bwana. Kama butiloda, programu ndogo inayoipakia kerneli bodi inapowaka, imekwisha kuiwasha wochidogi kabla kerneli haijaamka, draiva inasema hivyo kwa kuweka alama ya `WDOG_HW_RUNNING`, na msingi unaishika mpaka programu ifungue `/dev/watchdog`, faili ambalo programu huilisha wochidogi kupitia kwake. Na hapa angalia sana, maana hata wakubwa wanapitwa: usipotaja `watchdog.open_timeout`, msingi utasubiri milele. Programu ya juu isipoamka kabisa, unarudi kule kule kwa taa ya kijani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Malindi, swali lako la kwanza kwenye kila pachi, yaani kila badiliko la msimbo unaloletewa, liwe nani analisha, na akifa yeye, nini kinatokea. Fuata kila mahali chipu inapoandikiwa. Ukikuta mlishaji wa pili, simama hapo hapo.

Vile vipengele vya pekee ndivyo vinavyoficha nyoka. Ile habari ya kuhamia nakala ya akiba baada ya kuwashwa mara tatu: draiva yao ilikuwa inafuta hesabu ya chipu mara tu inapopakiwa. Inapendeza kuisoma. Lakini draiva hupakiwa mapema, programu inaweza kuanguka baadaye, bodi ikawaka upya, draiva ikafuta hesabu tena. Tatu haifikiwi abadani, na nakala ya akiba inakaa pale kama pambo. Anayestahili kufuta ni programu ya juu, baada ya kuhakikisha kazi zake zote zimesimama sawasawa.

Halafu kuna draiva nyingine niliyokagua, ya chipu yenye hesabu ndefu: walikuwa wamejitungia amri yao ya kubadilisha muda badala ya kutumia njia ya msingi. Amri hiyo ilizidisha sekunde kwa kasi ya saa, 24 MHz, yaani mipigo milioni 24 kwa sekunde, ndani ya namba ya biti 32, ambayo ikipita kama bilioni 4.29 inaanza tena sifuri. Piga hesabu mwenyewe: namba hiyo inajaa karibu na sekunde 179. Ukiomba sekunde 200 unapata kama 21, kimya kimya, na programu inayolisha kila nusu dakika inajikuta inawashwa upya bila kujua kosa lake. Njia ya msingi ingekataa ombi hilo mlangoni, mradi draiva imetaja ukomo wake katika `max_timeout`; ikitaja `max_hw_heartbeat_ms`, msingi ungelikubali na kuilisha chipu katikati. Ndiyo maana nasema kila amri ya kujitungia ijieleze kwa nini ipo. Na muda uliopatikana kweli kwenye chipu ndio urudishwe kwa aliyeuliza, si ule alioutamani.

Msisahau kuzima nako. Programu ikifunga `/dev/watchdog` bila kuandika herufi V kwanza, draiva inayofuata utaratibu huo haitakiwi kusimamisha saa, kwa sababu huenda imefungwa kwa kuanguka. Kerneli ikijengwa kwa hali ya kutozimika (`nowayout`), hata V haifui dafu.

Mambo ya nafasi na mabano mwachie `checkpatch.pl`, skripti ya kerneli inayokagua mtindo wa msimbo. Naona vijana wanajaza maoni ishirini ya nukta na mkato, wanaonekana wachapakazi, na mlishaji wa pili amepita katikati yao. Acheni hayo. Mmeaminiwa kazi ya kufikiria siku mbaya ya mashine, na wengi wenu hamtaki kuifikiria kwa sababu siku njema inasomeka haraka. Someni polepole. Wakiwacheka kwa upole wenu, waacheni wacheke. Na wewe wa Malindi usikubali kuambiwa pwani hakuna wajuzi wa mambo haya: Ngomeni hapo, kutoka jukwaa la San Marco, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kutazama mionzi ya eksi ya angani. Na chombo cha Pathfinder kilipotua Mirihi mwaka 1997 kikaanza kujiwasha upya ovyo, kazi moja yenye kipaumbele cha chini ilikuwa imeizuia kazi yenye kipaumbele cha juu. Ulinzi uliokuwa ukikiwasha upya ndio uliowapa wahandisi nafasi ya kutafuta kosa na kutuma marekebisho kutoka duniani. Anayeudharau ulinzi huo hajui anachokidharau.

Umeniuliza pia kama unaweza kukagua bila kuwa na bodi mkononi. Kusoma unaweza, kuthibitisha huwezi. Wadai waifanyie majaribio wao na wakutumie kumbukumbu za kerneli. La kwanza, wasimamishe programu inayolisha kwa `kill -STOP`, wahesabu sekunde mpaka bodi iwake upya. La pili, waiangushe kerneli yenyewe kwa kuandika `c` kwenye `/proc/sysrq-trigger`. La tatu, waiharibu kwa makusudi programu ya juu iwe inaanguka kila inapowaka, waone kama nakala ya akiba inafikiwa kweli. Wakikwambia hawana muda wa hayo, liandike jibu lao kwenye maoni yako, na tarehe.

Maoni yako ya raundi ya kwanza niletee niyapitie kabla hujawatumia. Ijumaa usinitafute kabla ya saa nane.