Dawa za mama usiiachie AI ipange saa

USIFANYE HIVYO. Umesema mama yako haoni, ana kisukari, unataka AI kwenye simu imsomee bahasha za dawa na imwekee alamu, halafu unauliza simu gani nzuri na bando inakula kiasi gani. Bando achana nayo kwanza.

Mimi niko Pasua, Moshi. Mzee wangu sukari ilimla macho. Kuna jamaa mjini anajiita mtaalamu wa AI, nikampa elfu thelathini amwekee kila kitu. Nikamuuliza, Kiswahili inakijua? "Bro, inakijua kukushinda wewe." Nikaiambia: mkumbushe Mzee dawa ya sukari saa 2 asubuhi. Ikajibu kwa adabu zote, "Sawa, nimeweka." Sikuangalia. Kumbe imeweka 2:00 AM. Saa nane usiku wa manane, jamani! Saa zetu na za Kizungu zinapishana masaa sita, mtoto wa darasa la pili anajua hilo.

Mzee ameshameza cha jioni saa 2, simu inamwamsha: "Muda wa dawa umefika." Giza au mwanga kwake ni kitu kimoja. Akameza, tumbo tupu. Baadaye akaniambia alishangaa mbona bajaji hazisikiki, akadhani wamegoma. Saa kumi na moja mama anamkuta shuka limelowa jasho, anaongea maneno hayaeleweki. Tukampaka sukari kwenye fizi, mbio hospitali. Wakapima sukari ya damu: 2.3. Ikiwa chini ya 3.9 tu tayari imeshuka. Nampigia mtaalamu, ananiambia, "Ungesema AM au PM." Sasa elfu thelathini yangu ilikuwa ya nini, tuisheni ya saa?

Na bahasha nayo: famasi wameandika 1 x 2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, programu ikamsomea "moja zidisha mbili". Siku ile nilicheka, mpumbavu mimi.

Imsomee tokeni za LUKU na meseji, Be My Eyes, ile programu ya simu ya wasioona, inamweleza picha vizuri tu. Ila dozi na saa vitoke mdomoni mwa mfamasia. Mwombe umrekodi palepale dirishani, sauti hiyo ndiyo iwe alamu, na saa uiweke kwa vidole vyako mwenyewe. Ya Mzee ni yule dada wa famasi: "Babu, saa mbili asubuhi, kimoja. Umeshakula?" Na anamjibu kabisa, kila siku: "Nimekula, mama."