Kupakia topedo upya katika nyambizi za Vita Kuu ya Pili

Kwa aliyeuliza kama nyambizi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliweza kurusha topedo (makombora yanayosafiri chini ya maji) mfululizo: haikuweza, kwa sababu mabomba ya kurushia yakishakuwa matupu, kila topedo mpya ilidai dakika nyingi za kazi ngumu ya mikono. Katika nyambizi za aina ya VIIC za Ujerumani, yenye mabomba manne mbele na moja nyuma, topedo ilikuwa na urefu wa takriban mita 7 na uzito wa zaidi ya kilo 1,500, na za akiba zilihifadhiwa katika chumba kilekile walimolala mabaharia. Ilibidi kwanza vitanda vikunjwe na mbao za sakafu ziondolewe, mlango wa nje wa bomba ufungwe na maji yatolewe, ndipo topedo iliyopakwa grisi iinuliwe kwa minyororo na kapi, ilinganishwe sawasawa na mdomo wa bomba, kisha isukumwe ndani taratibu. Bahari ikichafuka, mzigo huo ukiponyoka ungeweza kumponda mtu, kwa hiyo kwa kawaida kazi hii ilifanyika chini ya maji, kwenye utulivu.

Ndiyo maana nawastahi sana mabaharia wa nyambizi USS Parche ya Marekani, chini ya kamanda wao Lawson Ramage, ambao kabla ya mapambazuko ya tarehe 31 Julai 1944 waliushambulia msafara wa meli za Kijapani wakiwa juu ya maji, wakipakia upya katikati ya mapigano, na kurusha topedo 19 katika muda wa dakika 46.