Mume wangu tukigombana ananyamaza, nimfanyeje?

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 31, naishi Pasua, Moshi, nauza mitumba Kiborloni. Mume wangu ni bodaboda. Tukigombana hasemi neno, anatoka uani kufuta pikipiki hata kama ni safi. Nikimfuata, haniangalii. Juzi alimpa kaka yake hela ya ada ya mtoto, Sh150,000, bila kuniambia. Nililia sana, yeye kimya, mikono inamtetemeka tu na tambara lake. Hajawahi kunipiga. Wifi anasema ndiyo hulka yao. Mtu asiye na hisia anabadilika kweli?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hela ya ada kutolewa kimyakimya inauma, asikwambie mtu kwamba unakuza mambo.

Ila barua yako nimeirudia kwa sababu ya hiyo mikono. Asiye na hisia hatetemeki. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa katikati ya ugomvi. Akakuta anayenyamaza hivyo mara nyingi moyo unamwenda mbio, hata zaidi ya mapigo 100 kwa dakika, naye amekaa tu. Akifika hapo, swali la kawaida analisikia kama shambulio. Wewe unamfuata kwa kuwa ukimya unakutisha. Naye anazidi kujifunga kwa kuwa unamfuata. Wanaokuja kwangu na shida hii, kila mmoja huapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Wifi yako kapatia nusu. Hulka mtu huzaliwa nayo: kuwa msemaji au mkimya, kupandwa na hasira haraka au taratibu. Tabia anajifunza. Uchache wa maneno ni hulka ya mumeo. Kukuacha bila jibu mpaka kesho ni tabia, na anaweza kuiacha.

Siku mmetulia, labda Jumapili mkishakula, mwambie: "Ukizidiwa, sema unahitaji nusu saa. Sitakufuata uani. Ila ikiisha, urudi tuongee." Gottman anashauri mapumziko yasipungue dakika 20, maana mwili hautulii upesi. Na wewe usizitumie kupanga mashtaka. Osha vyombo, zungumza na mtoto. Najua itakuwa vigumu kukaa ndani huku unasikia tambara likisugua tangi. Kwake kugumu kutakuwa kurudi.

Asiporudi, akakununia siku tatu nne ili akukomoe, hapo si kuzidiwa tena. Waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, au mwone afisa ustawi wa jamii.

Ile Sh150,000 iwekeeni siku yake. Anza kwa kumuuliza mumeo habari za kaka yake: alipatwa na nini hadi ikashindikana kukwambia? Nahisi kuna aibu hapo, na pengine woga wa machozi yako. Msikilize mpaka mwisho. Kisha muulize ada inalipwa tarehe ngapi, na msiinuke kabla hajaitaja.