Jino likiacha kuuma lenyewe ujue halijapona

Usiifute hiyo miadi, mkuu. Nimesoma uzi wako mara mbili nikitafuta pahali ulipoandika kuwa unatania, sijapaona. Gego limekutesa wiki mbili, usiku hulali, juzi ukaamka kimya, na sasa unauliza kama bado kuna haja ya kwenda kwa daktari wa meno. Swali hilohilo nilijiuliza mimi. Nikajijibu mwenyewe, na jibu lile likanilaza wodini siku kumi na moja, mpira wa kutoa usaha ukining'inia chini ya kidevu.

Jino lako halijapona. Kwa dalili ulizozieleza, uwezekano mkubwa limekufa. Katikati ya jino kuna kiini laini chenye mshipa wa fahamu na vijishipa vya damu. Bakteria wakishatoboa gamba la nje na tabaka lililo chini yake, kiini kinavimba. Sasa kitavimbia wapi, na kimezungushiwa kuta ngumu pande zote? Ndiyo maana unatembea sebuleni saa nane usiku umeshika shavu. Mgandamizo ukizidi, damu haifiki, kiini kinakufa, maumivu yanakwisha. Yaani mlinzi aliyekuwa akipiga kelele ameuawa, wezi bado wamo ndani, na wewe unashukuru kwamba sasa kumetulia.

Langu lilikuwa gego la chini kulia. Badala ya kliniki nikaenda kwa muuza dawa. Hakuniambia hata nifungue mdomo. Akanipa antibayotiki za siku tano na vidonge vya maumivu, akasema, "Mdudu akishakufa utasahau." Mdudu! Mtu mzima, amevaa koti jeupe, ananiambia jino lina mdudu. Na mimi mtu mzima mwenzake nikaitikia kwa kichwa. Maumivu yalipokoma siku ya nne nikamsifu kwa kila mtu, nikamtafutia na wateja. Hao nimeshawaomba radhi mmoja mmoja.

Kitu ambacho hakuniambia, au hakukijua, ni kwamba dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Kiini kikifa hakina damu, kwa hiyo dawa haifiki kwenye kiota. Itatuliza kilichotoka nje ya mzizi kwa siku chache, kisha wenye nyumba wanarudi. Sisemi antibayotiki hazina kazi, maana nilipolazwa nilitundikiwa za dripu, ila zilikuja pamoja na kisu. Na vile vidonge vya parasetamoli nilikuwa navimeza kama peremende. Mwisho wake kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hapo bado uviachanishe kwa saa kadhaa. Mimi nilikuwa nikifika cha sita nasahau nimeanzia wapi. Ini langu lilinivumilia tu.

Nikakaa miezi saba bila maumivu. Kulikuwa na kipele kwenye ufizi, kinajaa, kinapasuka, mdomo unapata ladha mbaya ya chumvi, kisha kinarudi. Nikasema ni mswaki umenikwaruza. Mkwaruzo wa miezi saba! Ule ulikuwa usaha umejichimbia njia ya kutokea. Nikahamia kutafunia kushoto, nikajiona mjanja kweli.

Ijumaa moja jioni taya likakaza. Jumamosi shavu limejaa, nikajipiga picha nikawatumia rafiki zangu wacheke. Usiku wake mdomo ukawa unafunguka upana wa kidole kimoja tu. Chini ya kidevu pamekuwa pagumu kama ubao, ulimi umenyanyuliwa juu, mate siwezi kumeza, nikilala chali nakosa pumzi. Huo ugonjwa unaitwa angina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1836, na chanzo chake mara nyingi ni magego ya chini. Huua kwa kuziba njia ya hewa. Mimi nilikuwa nadhani meno hayaui mtu. (Mke wangu anasema zile ndizo siku pekee alizowahi kunisikia nimenyamaza. Haya, mcheke.)

Kasheshe haikuishia hapo. Hospitalini walipopima damu, sukari ilikuwa juu sana. Nilikuwa na kisukari bila kujijua, na nilikuja pale kwa ajili ya jino! Daktari akanieleza kuwa hivi viwili hulishana: maambukizi ya mdomoni hupandisha sukari, na sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupambana na maambukizi, ufizi nao unaoza haraka. Mdomo hauko kisiwani. Wenye vali za bandia za moyo, kwa mfano, hupewa antibayotiki kabla ya kung'olewa jino, kwa sababu bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye moyo.

Basi shika hili moja: jino lililouma likanyamaza bila kutibiwa lipigwe picha ya eksirei. Wiki hii, si likianza tena. Likiwahiwa, wanaweza kusafisha mzizi, kuuziba, na ukabaki na jino lako. Langu nilichelewa, likang'olewa. Na kama unaogopa sindano, sindano zote za ganzi nilizochomwa hazikuniuma kufikia hata dakika tano za ile Jumamosi. Ukiona uso unavimba, homa inapanda, kumeza ni shida au mdomo haufunguki, achana na miadi, nenda dharura saa hiyohiyo.

Uliuliza pia habari za mswaki: chukua laini. Kulikuwa na swali la maji ya kusukutua na jingine sijui la harufu, sirudi juu kuyasoma, hayo yatasubiri.

Umesema miadi ni Alhamisi saa tatu. Ukishuka kwenye kile kiti, hata kama mdomo bado una ganzi, vidole vitakuwa vizima. Tuandikie picha imeonyesha nini.