Jibu: Je, "Un conte de Noël" ni baridi mno kwa filamu ya Krismasi?

Ndugu yangu, umeuliza kama wanaosema filamu hii ya Kifaransa (jina lake maana yake "Hadithi ya Krismasi") ya mwongozaji Arnaud Desplechin (2008) ni ndefu na haina huruma wana haki. Kwenye urefu, ndiyo kiasi. Dakika 150 ni nyingi, na wahusika ni wengi mno. Nusu saa ya kwanza utahangaika kujua nani ni mtoto wa nani.

Ila hilo la kukosa huruma silikubali hata kidogo. Tazama pale bustanini Roubaix, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, Junon (Catherine Deneuve) na mwanawe Henri (Mathieu Amalric) wanavuta sigara na kuambiana wazi kwamba hawapendani. Hakuna anayepandisha sauti. Na huyo huyo Henri ndiye anayekubali kumtolea mama yake mgonjwa uboho wa mifupa! Walioliona hilo kuwa ukatili nadhani walitaka watu wakumbatiane ndipo waamini kuna upendo.

Lawama yenye uzito zaidi inahusu Elizabeth, dada yake Henri. Alimfukuza Henri kwenye familia, na sababu hatuelezwi sawasawa. Wengi limewakera, mimi naona familia nyingi ziko hivyo, chuki inabaki hata chanzo chake kikiwa hakisemeki.

Jean-Paul Roussillon, anayecheza baba, alipata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, kwa uigizaji huu, na aliistahili kabisa. Itazame, ila usiku ambao huna haraka, na watoto wadogo wakiwa wameshalala.